USINGIZI WA MZEE MWENYE MAUMIVU YA VIUNGO

Bismillahir Rahmanir Rahim

(Tafadhali usisome karatasi hii wakati khatibu yuko juu ya mimbari. Ipeleke nyumbani, umsomee mzee asiyeona vizuri au asiyejua kusoma. Ina jina la Mwenyezi Mungu, usiitupe ovyo.)

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetuumba tukiwa dhaifu, akatupa nguvu, kisha akaturudisha katika udhaifu wa uzee. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.



Somo letu la Ijumaa hii linawahusu wazee wetu, na sisi sote ambao Mungu akitujaalia tutafika huko. Mara nyingi tukitoka msikitini tunasalimiana na mzee, tunamuuliza, "Umelalaje, mzee?" Naye anajibu, "Sikulala. Magoti." Tunamwambia, "Pole, ndio uzee," kisha tunakwenda zetu. Jibu hilo la "ndio uzee" ndilo tunalotaka kulitazama leo, kwa sababu linawaacha wazee wengi usiku kucha macho wazi, na linawasukuma wengine kununua vidonge vinavyoweza kuwaua.

1. JE, NI UZEE TU?

Masahaba wa Mtume (S.A.W.) wamepokea, kwa njia ya Usama bin Sharik (R.A.), kwamba Mabedui walimuuliza Mtume kuhusu kujitibu. Akawaruhusu, na akawafahamisha kwamba kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Baadhi yetu tumeifahamu Hadithi hiyo kinyume. Tunasema, "Uzee hauna dawa, basi tuvumilie." Lakini tazama vizuri: kisicho na dawa ni kule kuzeeka kwenyewe. Goti linalouma lina matibabu, hata kama halirudi kuwa goti la kijana. Usingizi uliokatika nao una matibabu. Kuvumilia ni ibada, na kujitibu pia ni kufuata mafundisho ya Mtume.

Jambo hili si la Mudaka peke yake. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa wa kulika viungo, ule ambao madaktari wetu wanauita artrozi. Katika kila 100, watu 73 walikuwa wamevuka miaka 55, na 60 walikuwa wanawake. Kiungo kinachoshikwa zaidi ni goti, kisha nyonga na mikono. Ncha za mifupa zimefunikwa na kitu laini chenye kuteleza, kinaitwa gegedu. Miaka ikipita na kazi ikiwa nzito, gegedu hulika, kiungo huvimba na kukakamaa.

Nasi tunazijua kazi zetu. Mama zetu wa Mudaka, Miti, Kavumu na Katana wameinama na jembe tangu utoto. Wamebeba mihogo, kuni na makala mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, wakipanda na kushuka vilima kwenda sokoni. Baba zetu wamebeba matofali na magunia. Magoti hayo yamelisha na kusomesha wengi wetu tunaosoma karatasi hii.

2. MAUMIVU NA USINGIZI HUFUATANA

Mtu huona kwamba maumivu ndiyo yanayokata usingizi, na ni kweli. Lakini kuna upande wa pili ambao wengi hawaujui: kukosa usingizi nako huongeza maumivu. Mwili usiolala huhisi uchungu kwa wepesi zaidi. Goti lile lile, likiwa na uvimbe ule ule, litauma zaidi baada ya usiku mbaya kuliko baada ya usiku mwema. Kesho yake mzee anakaa kitini mchana kutwa kwa uchovu, viungo vinakakamaa kwa kukaa, anasinzia mchana, na usiku usingizi hauji. Hivyo mduara unazunguka.

Hili lina habari njema ndani yake. Ikiwa ni mduara, unaweza kukatwa pande zote mbili. Ukitengeneza usingizi, umesaidia goti; ukitengeneza goti mchana, umesaidia usingizi.

Mwaka 2021 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walitangaza matokeo ya kazi yao kwa watu 327 wenye miaka 60 na zaidi, wote wakiwa na maumivu ya kulika viungo na kukosa usingizi. Baadhi yao walifundishwa kwa simu, mara 6 katika wiki 8, namna ya kupanga usiku wao na kubadilisha mazoea yao ya kulala. Waliofundishwa hivyo walilala vizuri kuliko wenzao waliopewa maelezo ya kawaida tu, na faida hiyo ilikuwa bado ipo baada ya mwaka mmoja. Uchovu wao nao ulipungua. Ndugu zangu, mafunzo yaliwafaa wazee hao, tena kwa simu. Sisi tunaokutana kila Ijumaa tunaweza kufundishana kwa urahisi zaidi.

3. ALFAJIRI NDIYO KIPIMO CHAKO

Jambo la kwanza ambalo mafunzo hayo huweka ni hili: amka saa moja ile ile kila siku, hata kama ulilala vibaya. Muislamu amekwisha kupewa jambo hilo. Kwetu hapa karibu na Ikweta, urefu wa usiku haubadiliki sana kama katika nchi za Ulaya. Mwaka mzima adhana ya Alfajiri huwa baina ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja hivi, na Isha huswaliwa karibu saa moja na nusu usiku. Kutoka Isha hadi Alfajiri ni muda wa saa tisa.

Sasa piga hesabu. Mzee huhitaji usingizi wa saa saba au nane kwa siku, na usingizi wake ni mwepesi kuliko wa kijana. Chukua mfano wa mzee anayeswali Isha na kuingia kitandani saa mbili kamili kwa sababu umeme hakuna na nyumba iko giza. Anapata usingizi saa mbili na nusu. Ikifika saa nane na nusu usiku, ameshalala saa sita. Anaamka. Bado saa mbili na zaidi mpaka adhana. Analala chali akitazama bati, magoti yanakakamaa, mawazo yanaingia. Asubuhi anasema, "Sikulala." Adhuhuri anasinzia saa mbili nzima ili kufidia. Usiku unaofuata unakuwa mbaya zaidi.

Mzee huyo hana ugonjwa mpya. Ameingia kitandani mapema mno. Atengeneze hivi:

(a) Aianze hesabu yake kwenye Alfajiri na kurudi nyuma. Akiamka saa kumi na moja kasoro robo, aingie kitandani saa tatu na nusu usiku hivi, akiwa na usingizi kweli.

(b) Muda baina ya Isha na kulala asiujaze kwa porojo, kwani Mtume (S.A.W.) hakupenda kulala kabla ya Isha wala maongezi ya bure baada yake. Aujaze kwa jambo la utulivu: kumsikiliza mjukuu akisoma Qur'ani, kunyoosha miguu taratibu, kuweka magoti kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kuleta nyiradi zake.

(c) Qailula, ule usingizi mfupi wa mchana, ni sunna njema. Uwe wa dakika 20 au 30, usivuke Alasiri. Ukiwa mrefu, unakula usingizi wa usiku.

(d) Kitanda kiwe cha kulala. Ukiamka usiku na ukaona muda unapita bila usingizi, kadiri ya dakika 20, usibaki ukigeuka na kuhesabu saa. Inuka polepole, kaa kwenye kiti, jifunike, fanya dhikri au swali rakaa mbili kwa kukaa. Usingizi ukirudi, rudi kitandani.

(e) Kahawa na chai ya majani zikomee Adhuhuri. Ile nguvu ya kahawa hukaa mwilini saa nyingi, na mwili wa mzee huitoa polepole. Jioni kunywa maji ya moto au uji mwepesi.

(f) Maji mengi yanywe mchana, yapungue baada ya Magharibi, ili usiamke mara kwa mara kwenda msalani. Ukiona unaamka mara tatu au nne kila usiku kukojoa, nenda ukapimwe sukari, na wanaume waulize pia habari ya tezi ya kibofu. Na kama unakunywa kidonge cha shinikizo la damu kinachokojosha, muulize muuguzi kama unaweza kukinywa asubuhi.

4. USIKU HUTENGENEZWA MCHANA

Watu wengi wakiumwa goti huliacha lipumzike kutwa. Kiungo kisichotembezwa hukakamaa, na misuli inayokishika hudhoofika. Goti likikosa misuli, mfupa ndio unaobeba mzigo wote. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya goti lililolika ni kulitembeza kwa kiasi.

- Kaa kwenye kiti kigumu. Nyoosha mguu mmoja mpaka goti linyooke, hesabu mpaka tano, ushushe. Fanya mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni.
- Simama kutoka kwenye kiti na kukaa tena, mara 5, ukishika meza ikibidi.
- Tembea dakika 10 baada ya swala ya Alasiri, mahali pa tambarare, kisha ongeza kidogo kidogo. Mwanga wa mchana nao huufundisha mwili kutofautisha mchana na usiku.

Kipimo ni hiki: uchungu kidogo unaotulia baada ya muda hauna madhara. Ukiamka kesho yake goti likiwa limezidi, ulipitisha kiasi, punguza, usiache.

Fimbo ni rafiki wa mzee, lakini wengi huishika vibaya. Ishike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, nayo itangulie pamoja na mguu unaouma.

Na kwa aliyenenepa, kupunguza mwili ni kulipunguzia goti mzigo. Imepimwa kwamba kilo 1 ikipungua mwilini, goti hupunguziwa mzigo wa takriban kilo 4 kila hatua. Si lazima kununua chakula cha ghali. Sombe, maharage na sambaza ni vyakula vyema. Punguza bugali na mafuta jioni, na kula mapema, saa mbili au tatu kabla ya kulala.

5. KITANDA NA CHUMBA

Mtume (S.A.W.) alitufundisha kutawadha kabla ya kulala, kukung'uta matandiko, na kulala ubavu wa kulia. Mzee anaweza kuuliza, "Na kama bega langu la kulia ndilo linalouma?" Jibu: kulala ubavu wa kulia ni sunna, si faradhi. Anza hapo ukiweza, kisha geukia upande unaokupa nafuu. Hakuna dhambi.

Ukilala ubavu, weka mto au nguo iliyokunjwa katikati ya magoti, ili goti la juu lisivute nyonga wala kuligonga la chini. Ukilala chali, mto mdogo chini ya magoti huleta nafuu, lakini usikae hivyo usiku na mchana, kwani goti huzoea kukunjika na baadaye halinyooki.

Mkeka juu ya sakafu na kitanda kifupi ni adui wa magoti. Kitanda kiinuliwe kwa matofali imara, mpaka mzee akikaa ukingoni nyayo ziguse chini sawasawa na magoti yawe sawa na nyonga. Matela iliyobonyea katikati igeuzwe, au iwekewe mbao chini. Kazi hiyo kijana huimaliza kwa nusu saa.

Kwa wetu ni nchi ya milima, na usiku una baridi. Baridi huwafanya wazee wengi wasikie viungo vikikaza. Vaa soksi, funga kitambaa kwenye goti bila kubana, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye nguo nene, isiguse ngozi.

LAKINI TAHADHARI: mbabula yenye makala isiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata kama moto unaonekana umekwisha. Makala hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu aliyelala haisikii, na haamki. Ni afadhali blanketi la pili kuliko joto la namna hiyo.

Njia ya kwenda msalani iwe wazi, na tochi iwe karibu na mkono. Mzee akianguka usiku na kuvunjika nyonga, mambo yake yote hubadilika.

Na kuna jambo ambalo si la mifupa. Tangu mwezi wa 2 mwaka 2025, vita ilipofika Kavumu kisha Bukavu, wapo wanaolala wakisikiliza kila kishindo. Usingizi wa hofu hautibiwi kwa pomada. Mzee asilale peke yake upande wa mbali wa nyumba. Fimbo, viatu, kitambulisho na dawa zake viwe mahali pamoja anapopajua, ili moyo wake usihangaike kuvitafuta. Na azungumze juu ya hofu yake mchana, na mtu anayemwamini, badala ya kuibeba kitandani.

6. DAWA: AMANA NA HATARI

Hapa, ndugu Muislamu, tunakuomba usome mara mbili.

Kwanza: vidonge vya uvimbe na maumivu, kama diklofenaki, ibuprofeni na indometasini. Huleta nafuu haraka, ndiyo maana hupendwa. Lakini kwa mzee huweza kutoboa tumbo na kulitoa damu, kuharibu figo, na kupandisha shinikizo la damu. Visinywewe miezi kwa miezi bila daktari, visinywewe viwili vya aina hiyo kwa pamoja, wala visinywewe tumbo likiwa tupu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo asivimeze mpaka ameuliza. Choo kikiwa cheusi kama lami, ni damu: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Pili: deksametasoni na prednisoloni. Wauzaji wengine huviita vidonge vya nguvu, kwa kuwa mzee huamka siku mbili akiwa mwepesi. Vikitumiwa ovyo hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, hufungua mlango wa maambukizo, na vyenyewe hufukuza usingizi. Aliyevinywa muda mrefu asiviache ghafla pia. Aende kwa daktari, apunguziwe kwa utaratibu.

Tatu: Valium na vidonge vingine vya usingizi. Humfanya mzee apepesuke, achanganyikiwe na aanguke usiku, na mwili huvizoea mpaka hawezi kulala bila hivyo.

Nne: vidonge vilivyochanganywa ndani ya kifuko bila jina. Usimeze kitu usichokijua jina. Hii ni kanuni ya afya, na pia ni amana ya mwili ambao Mwenyezi Mungu amekukabidhi. Mtume (S.A.W.) alimkumbusha Abdallah bin Amr (R.A.), aliyekuwa akikesha na kufunga bila kupumzika, kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe.

Basi mzee anywe nini? Aanze na pomada ya diklofenaki anayojipaka juu ya goti, ikipatikana, kwa kuwa kiasi kidogo sana huingia katika damu. Parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo, lakini haina nguvu nyingi kwa ugonjwa huu, nayo ina mpaka: mzee asivuke vidonge 6 vya miligramu 500 kwa siku, na mwenye ini bovu au mwili uliodhoofika apewe kiasi chake na daktari. Kwa maumivu yanayokata usingizi, muulize muuguzi kama dozi moja inaweza kunywewa nusu saa kabla ya kulala. Na kila unapokwenda kituo cha afya, beba vidonge vyote ulivyo navyo, pamoja na dawa za miti shamba, uvionyeshe.

7. IBADA HAIKUKUSUDIWA KUTUUMIZA

Imran bin Husayn (R.A.) alikuwa mgonjwa, akamuuliza Mtume (S.A.W.) aswalije. Akafundishwa aswali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Basi mzee ambaye kusujudu kunamvimbisha goti mpaka usiku halali, asione haya kukaa kitini. Asimame katika kile anachoweza kusimama, akae katika kile asichoweza, na sijida yake iwe chini zaidi kuliko rukuu yake. Watoto wasimcheke, na vijana wamwekee kiti chake katika safu kabla hajafika.

Maji ya kutawadhia yanaweza kupashwa moto. Na kwa asiyeweza kuinama kuosha miguu kila mara, sheria imeruhusu kupaka maji juu ya khofu zilizovaliwa ukiwa na udhu, kwa mkazi wa mji mchana mmoja na usiku wake. Muulize imamu akuonyeshe masharti yake.

8. WATOTO, HII NI KAZI YENU

Katika Sura Al-Israa tumeamrishwa kuwatendea wema wazazi wanapofikia uzee, na tumekatazwa hata kuwaguna. Wengine tunafikiri wema huo ni kutuma pesa tu. Pesa ni nzuri. Lakini nani aliyeinua kitanda cha mama? Nani anayejua baba anameza vidonge gani? Nani aliyemchotea maji ili asishuke kisimani na goti lile? Nani anayemwachia mzee nyumba tulivu baada ya saa tatu, redio na simu zikiwa zimenyamaza?

Tena kuna wazee wasio na watoto karibu, na wajane waliobaki na wajukuu. Hao ni wetu sote. Kila safu ya msikiti imjue mzee wake.

9. USINGOJE NYUMBANI UKIONA HAYA

- Kiungo kimoja kimevimba ghafla, kina joto na wekundu, hasa ukiwa na homa.
- Umeanguka na huwezi kukanyaga.
- Viungo vinakakamaa asubuhi zaidi ya saa nzima, na vidole vya mikono yote miwili vimevimba. Huo huenda si ugonjwa wa kulika. Una dawa zake.
- Kidole gumba cha mguu kinawaka usiku ghafla. Huenda ni jongo.
- Mgongo unauma usiku na mchana bila kutulia, unakonda, unatoka jasho usiku. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo, nacho hutibika.
- Unakoroma sana na watu wa nyumbani wanaona pumzi inakatika usingizini.

Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu; wakiona haja watakuelekeza hospitali kubwa.

MPANGO WA WIKI HII

Usijaribu yote kwa siku moja. Leo Ijumaa: kitanda kiinuliwe na mto wa magoti upatikane. Kesho: vidonge vyote vya nyumbani vikusanywe mezani na kusomwa majina. Jumapili: anza kunyoosha mguu mara 10. Jumatatu: kahawa ikomee Adhuhuri. Jumanne: qailula iwe fupi. Kuanzia Jumatano: ingia kitandani saa tatu na nusu, na uamke kwa adhana hata kama usiku ulikuwa mbaya. Siku za mwanzo utachoka. Vumilia wiki mbili au tatu kabla ya kuhukumu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Je, Hadithi ya Usama bin Sharik inatufundisha tuache kutibu maumivu ya wazee?
2. Mzee akiingia kitandani saa mbili usiku, atamaliza usingizi wake saa ngapi?
3. Fimbo inashikwa mkono upi?
4. Kwa nini mbabula haiingii chumbani?
5. Mzee wa nyumbani kwako anameza dawa gani? (Kama hujui, hilo ndilo swali la kwanza la kujibu leo.)

Ijumaa ijayo, ukikutana na mzee mlangoni pa msikiti na akakwambia hakulala, usimjibu kwamba ni uzee. Muulize aliingia kitandani saa ngapi, analala juu ya nini, na amemeza nini. Kisha mfuate mpaka nyumbani.

Ee Mwenyezi Mungu, wape wazee wetu usiku wa utulivu na Alfajiri ya afya, wasamehe waliotutangulia, na utuwezeshe kuwatumikia walio hai kabla hatujawakosa. Amin.

Wabillahi tawfiq.